Naomba ushauri: maji ya chembe nano za fedha kwa majipu ya mtoto

Wakuu, habari zenu. Kijana wangu wa miaka 9 anasumbuliwa na majipu mapajani. Hili likikauka, lingine linachomoza. Usaha ulipopimwa maabara wakakuta stafilokokasi, bakteria wanaoleta majipu, tena sugu kwa dawa mbili.

Sasa jirani kaniletea kichupa cha maji ya rangi ya chai, eti ni chembe nano, yaani ndogo mno zisizoonekana kwa macho, za fedha, madini yale yale ya pete na mikufu. Tupake, na anywe kijiko. Krimu ya fedha ya walioungua naijua, na fedha kweli huua bakteria. Ila ukiinywa muda mrefu ngozi hugeuka kijivu na hairudi, kwa hiyo kunywa nimekataa.

Je, kupaka kwenye jipu lililopasuka kunasaidia, au nimrudishe kwa daktari kwanza? Vidonge alivyopewa vimebaki vya siku 3.