Pikipiki ya silinda mbili za V au nne za mstari, kwa barabara zetu nichukue ipi?

Kijana_wa_Tegeta

Habari zenu wakuu, naomba mawazo maana kichwa kimejaa. Nimekuwa na 250 ya silinda moja muda mrefu tu, sasa nataka kupanda, niingie kwenye spoti zenyewe. Mezani kuna mitumba miwili, Suzuki SV650S (silinda mbili za V) na Yamaha R6 (silinda nne za mstari), bei zimepishana kidogo sana na zote kwa macho ziko safi. R6 nikiiangalia tu moyo unaenda mbio, ile sauti ikipanda juu ni hatari. Ila braza zangu wote waliokula chumvi kwenye haya mambo wanasema chukua ya V, ndo ina nguvu ya kuvuta, R6 huku chini imelala. Sasa mimi nikisoma karatasi naona R6 za karibuni zina hosipawa kama 118, SV hata 80 haifiki, hiyo nguvu ya kuvuta wanayoisema iko wapi?? Natoka Tegeta kwenda Posta kila siku ya kazi, wikiendi Bagamoyo, mara mojamoja Moro. Nijibiwe na waliozipanda tafadhali, sio mashabiki wa stika.

Mzee wa Gia

Dogo karatasi hujaimaliza kusoma. Shuka mstari wa chini ya hosipawa, pale penye Nm, kipimo cha nguvu ya kuvuta. SV650 ya 2017 ina Nm 64 injini ikiwa kwenye mizunguko 8,100 kwa dakika, R6 ya mwaka huohuo ina Nm 61.7 kwenye mizunguko 10,500. Umeona? Kuvuta zinavuta karibu sawa, tena SV imezidi kidogo. Hosipawa ni hiyo nguvu ya kuvuta ukiizidisha na mizunguko, basi, hakuna uchawi mwingine, kwa hiyo R6 inapata 118 yake kwa sababu inakubali kukimbizwa mpaka 14,500 na SV inatoa 76 yake ikiwa 8,500 halafu haina kingine cha kukupa.

Kwa nini SV haikimbii mpaka huko juu? Pistoni yake ina upana wa milimita 81 na inasafiri milimita 62.6 kila ikipanda na kila ikishuka. Ya R6 ina 67 na inasafiri 42.5 tu. Dude kubwa linalosafiri mbali ukilipeleka na kulirudisha kwa mizunguko elfu kumi na nne litatoka nje likakusalimie. Nne ndogo zinavumilia. Lakini valvu na njia za hewa za R6 zimepangwa kwa ajili ya huko juu, ndo maana chini inaonekana imelala.

Sasa jiulize wewe unaishi wapi kwenye hiyo saa ya mizunguko. R6 gia namba moja peke yake inapita kilomita 100 kwa saa, na kibao kinakwambia 50, na trafiki kakaa na tochi nyuma ya mti. Huo utamu uliolipia utauonja lini? Kwa safari ya kazini SV, sina maneno mengi.

Kamba_wa_Thika

Wazee mnampotosha huyu kijana lol. Kama V ya silinda mbili ni tamu hivyo mbona Ducati wenyewe, wale walioiabudu miaka yote, superbike yao ya 2018 wakaleta Panigale V4? Silinda nne! Hiyo ni kukubali yaishe. Mimi nina CBR600RR, Honda ya silinda nne, na town naenda nayo vizuri tu, unashuka gia mbili inaamka, kwani gia ziliwekwa za nini? Na ile sauti ikipita elfu kumi hakuna kitu kama hiyo duniani buda.

Leicester_Mbongo

@Kamba_wa_Thika kaka hapo historia umeikata katikati. Kwenye mashindano ya World Superbike sheria ziliruhusu silinda mbili ziwe na ujazo wa cc 1000, nne zikabaki na 750, na Ducati wakaitumia hiyo nafasi vizuri, Carl Fogarty akabeba ubingwa 1994, 1995, 1998 na 1999 akiwa juu yao. Honda, hawa hawa walioisambaza silinda nne kwa watu wengi na CB750 mwaka 1969, wakachoka wakatengeneza V yao ya cc 999, ile VTR1000 SP1, na Colin Edwards akachukua ubingwa nayo mwaka 2000 hapohapo, akarudia 2002. Kisha 2003 nne nazo zikaruhusiwa cc 1000 na hesabu ikabadilika, V zikaja kuongezewa mpaka 1200 mwaka 2008. Kwa hiyo Ducati kuhamia nne ni mambo ya sheria na namba za juu kabisa, haihusiani na huyu dogo anayepambana na daladala Mwenge.

Kitu ambacho hakijasemwa ni mikono. V ya nyuzi 90 pistoni zake zinasawazishana vizuri, mtetemo wake ni mpana na wa polepole. Nne za mstari zinabakiza mtetemo mdogo wa haraka, mara mbili ya mwendo wa krenki (ule mhimili unaozungushwa na pistoni), na kwenye R6 ya rafiki yangu ukikaa nayo motorway muda mrefu vidole vinakufa ganzi. Kwenda Moro utaujua. Tena hiyo V ni nyembamba, katikati ya mapaja hata huihisi.

Dada Klachi

Mimi ninayo SV, ya zamani, na naona mnaipaka asali. Mdogo wangu sikiliza. Silinda ya mbele imekaa nyuma ya tairi, mvua za masika maji yanarushwa moja kwa moja kwenye shimo la plagi, pale chini kuna kitundu cha kutolea maji kikiziba kwa tope maji yanajaa, na pikipiki inaanza kukohoa inabaki na silinda moja katikati ya foleni. Dawa yake rahisi: kizibue kwa waya mwembamba, paka grisi ndani ya kepu ya plagi, na urefushe madigadi ya mbele. Ila kuifikia hiyo plagi lazima ulegeze rejeta uisogeze, na fundi mvivu atakwambia kabadilisha zote mbili kumbe kabadilisha ya nyuma tu. Simama hapohapo uone.

La pili, ukifunga mafuta V inashika breki yenyewe. Ukishusha gia kwa pupa kwenye lami yenye maji tairi la nyuma linadunda, klachi iachie taratibu. Valvu inakaguliwa kila kilomita 24,000, R6 inachelewa zaidi mpaka kwenye 40,000 huko, lakini ni valvu 16 dhidi ya 8 na mafundi wa kuzigusa hapa mjini wanahesabika.

Pamoja na hayo siiuzi.

Kijana_wa_Tegeta

Aisee nimeelewa, asanteni wote. Jumamosi naenda kuiona SV, muuzaji anadai plagi zote mpya. Dada Klachi hiyo rejeta nikimwambia ailegeze nione plagi ya mbele atakubali kweli?

Dada Klachi

Akikataa umeshapata jibu la plagi. Beba spana yako.