Msaada: Seva ya Debian ipate mtandao bila kubeba pakeji nisizozihitaji

Mkaa Steshenari
Wakuu, heshima kwenu. Nimesimika Debian 12 (mfumo endeshi wa Linux) tupu, bila desktop, kwenye mashine ya kutunzia mafaili ya ofisi. Iko kwenye kebo muda wote, Wi-Fi haina. Nataka iwe na anwani ya IP isiyobadilika. Nikatumia apt, kisimika-pakeji cha Debian, kuleta NetworkManager, programu ya kusimamia mtandao: `apt install network-manager`. Ikataka kuja na pakeji nyingine: modemmanager, ppp, wpasupplicant na dnsmasq-base. Nikajibu N. Bando ni ya kupima, lakini kinachonikera zaidi ni kuweka kwenye seva huduma ambazo sitazitumia kamwe. Nifanyeje? Natanguliza shukrani.

Fundi Kebo
Mkuu, usiongeze chochote. Kama apt inashusha vitu, mtandao unao tayari: kisimikishi kimeshakuwekea ifupdown, programu ndogo ya kuwasha na kuzima kadi ya mtandao. Fungua `/etc/network/interfaces`, weka:

```
auto enp1s0
iface enp1s0 inet static
    address 192.168.1.20/24
    gateway 192.168.1.1
```

Jina la kadi litazame kwa `ip link`, na anwani ichague nje ya zile ambazo ruta inazigawa. DNS (anwani ya seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa IP) andika moja kwa moja kwenye `/etc/resolv.conf`. Wengi watakwambia utumie mstari wa `dns-nameservers`. Huo haufanyi kazi mpaka uwe na pakeji kama resolvconf, yaani mzigo uleule unaoukimbia.

Binti Terminali
Naongezea kwa wanaohitaji NetworkManager kweli. Pakeji alizotaja mkuu si za lazima, ni za kupendekezwa, ila apt huziongeza yenyewe kwenye orodha. Jaribu kwanza bila kusimika:

`apt -s install --no-install-recommends network-manager`

Utaona orodha inavyopungua. Zinazobaki ndizo tegemezi zenyewe, hizo hazikwepeki. Nawasihi msizime mapendekezo kwa mfumo mzima. Ipo siku utasimika programu nyingine, ikose kipande muhimu, na utahangaika bila kujua chanzo.

Mwana wa Modemu
Angalizo kwa wanaosoma huu uzi wakiwa na modemu ya USB ya laini ya simu: modemmanager ndiyo inayozungumza na modemu hiyo, na baadhi haziungi bila ppp. Ukizikata utabaki bila intaneti ya kuzirudishia.

Mkaa Steshenari
Fundi Kebo, ubarikiwe. Nimebadili faili, na seva inapatikana kwenye kompyuta zote za ofisi. Swali la mwisho: nikiwa nyumbani kupitia ssh (kuingia kwenye seva kwa mbali), naweza kuendesha `apt autoremove` kusafisha mabaki?

Fundi Kebo
Soma orodha yote kabla ya kukubali. Ukiona ifupdown humo, kataa, kisha andika `apt-mark manual ifupdown`. Na kazi yoyote inayogusa mtandao ifanye ukiwa umekaa mbele ya mashine, si kwa ssh.