Darasa zima limenidesea kazi ya utafiti, nikifungua blogu ya darasa itasaidia?

Ticha_Tukuyu
Habari za jioni wakuu. Nafundisha Historia ya Tanzania na Maadili kidato cha pili, shule ya kutwa huku Rungwe. Niliwapa kazi waandike kurasa mbili kuhusu kitu chochote cha kihistoria cha huku kwetu, nakusanya madaftari nakuta karibu wote wameandika Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba la asili, na aya ya kwanza ni ileile mpaka koma, kuna mmoja kanakili kwa mkono mpaka yale maneno "bofya hapa kusoma zaidi" 😂. Na daraja lenyewe lipo hapo mto Kiwira, kuna watoto kwao ni karibu kabisa, ila hamna hata mmoja aliyeandika kitu alichokiona kwa macho yake.

Nimewaza nifungue blogu ya darasa, kila wiki kundi moja linapandisha makala yake, labda wakijua kuna watu wengine watasoma zaidi ya mimi wataona aibu kudesa. Kompyuta zinazowaka ni chache na bando natoa mfukoni. Wenye uzoefu nianzie wapi? Na kuweka kazi za watoto mtandaoni hakuna noma?

mama_mufindi
Kamwene mwalimu. Blogu iache kwanza, tatizo liko kwenye swali lako. Ukimwambia mtoto "andika kuhusu kitu chochote cha kihistoria" umemtuma Google, kaenda, kaleta alichokikuta, kosa lake nini? Mpe swali ambalo hakuna tovuti ina jibu lake. Hapo Rungwe chai ipo kila kona, waulize nani wa kwanza kupanda chai kwenye ukoo wenu na kabla ya chai lile shamba lilikuwa na nini. Hiyo lazima aende kwa bibi, na bibi atasema hivi na babu mdogo atasema vile, hapo ndo utafiti unaanza sasa.

Kingine ninachofanya, rasimu ya kwanza siisomi mimi. Wanabadilishana madaftari wenyewe kwa wenyewe na penseli, kila sentensi ambayo haionyeshi imetoka wapi mwenzake anaandika pembeni "nani kasema?" basi. Daftari linarudi limejaa nani kasema nani kasema, mwenye nalo anachukia weee ila anarudi kijijini kuuliza tena. Siku hizi hata mimi nikifundisha wananirushia, nani kasema madam 😅

Vwawa_mjini
Naunga mkono hapo juu ila mtandao usiutupe, wafundishe kuusoma. Mimi nawapa Kimondo cha Mbozi, nawaambia kila kundi lije na uzito wake na kipo mkoa gani. Wanarudi wengine wanasema tani 12 wengine tani 16, wengine Mbeya wengine Songwe, darasa linakuwa kama soko. Siwapi jibu. Nawaambia angalieni hayo maandishi ni ya lini. Songwe imekatwa kutoka Mbeya 2016, kwa hiyo chanzo kinachosema mkoa wa Mbeya unajua ama ni cha kabla ya hapo ama mwandishi kakopi kitu cha zamani bila kuangalia. Uzito nao, ile tani 12 ni kadirio la zamani, baadae ndo ikaja 16. Tangu hapo wanaangalia tarehe kabla hata ya kusoma.

Halafu kuna lile la "kiligunduliwa 1930", dogo mmoja akasimama akauliza, kwani babu zetu hapa walikuwa vipofu? Nikamwambia hiyo ndo makala yako, nenda kaiandike. Aliandika vizuri kuliko wote, na sio yule anayeongoza kwenye mitihani.

Mzee_wa_Silabasi
Mambo mazuri ila upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili unakuja na silabasi haijaisha. Nani atakutetea kwa mwalimu wa taaluma?

mama_mufindi
@Mzee_wa_Silabasi mtoto anayejua kutetea hoja yake kwa ushahidi hata kwenye insha ya mtihani anapata maksi. Kipindi kimoja kwa wiki hakiui silabasi.

dada_Uyole
Mwalimu kwenye swali lako la mwisho, noma ipo, usikurupuke. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 ziliwabana watu wa blogu kwa leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) na ada yake haikuwa ndogo, zimekuja nyingine 2020 na zikarekebishwa 2022, kwa hiyo kabla hujafungua kitu cha wazi ongea na mkuu wa shule aulize TCRA kwa maandishi kazi za darasa zinaangukia wapi. Pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hao ni watoto, chukua idhini ya wazazi, picha usiweke, jina la kundi linatosha. Na huyo bibi aliyehojiwa naye aulizwe kama anakubali kuandikwa, watu wanasahau hilo.

Kama ni msomaji tu unatafuta, bandika kwenye ubao wa matangazo pale watu wanapita, acha nafasi chini na peni imefungwa kwa uzi watu waandike maoni. Siku ya kikao cha wazazi utaona, mzee mmoja atasoma kuhusu ukoo wake atasema hapa mmekosea, haikuwa hivyo. Hamna masahihisho yako yanayomfikia huyo mzee.

Ticha_Tukuyu
Ndaga fijo wote. Basi naanza na ubao, blogu nitaongea na mkuu kwanza. Swali la chai nalichukua kama lilivyo. Ila wapo watoto wa watumishi, wazazi wamehamia juzi tu, hawana shamba wala bibi huku, hao niwape nini?

Vwawa_mjini
Wape TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia. Reli ilianza kujengwa 1970 ikakabidhiwa 1976, waliofanya kazi pale bado wapo wengi Mbeya mjini, na hao wazee ukiwauliza hawanyamazi. Wapeleke wawili wawili, mmoja aulize mwingine aandike.

Ticha_Tukuyu
Kurekodi kwa simu yangu vipi?

dada_Uyole
Rekodi, ila waandike hukohuko hata hivyo. Simu ikizima chaji mnarudi mikono mitupu.