Taarifa nimetoa, bado naambiwa kadi haina hela!

Wakuu, Mods msiuhamishe uzi huu, nina hasira.

Ile benki mnaijua, sitaitaja. Ni wao wanaohubiri kila siku: kabla ya manunuzi makubwa kwa kadi ya mkopo, piga simu utoe taarifa. Simu ikapigwa. Kiasi, tarehe, jina la duka, mji Dodoma, vyote wakapewa. Mhudumu: "Tayari bosi, swaipu tu." Leo hapa Majengo, bati ziko juu ya kirikuu, mashine inatema karatasi. Keshia hata hajaisoma: "KADI HAINA HELA!" Nadhani Kibaigwa wamesikia. Foleni nzima imegeuka, kuna mama amefungua pochi anichangie.

Haina hela! Karatasi imeandikwa jibu namba 61. Salio lisilotosha ni 51! Mtu anashinda na mashine hajui 51 na 61, halafu anatangaza kama mpiga debe wa stendi ya Nane Nane. HAINA HELA!

mzee_wa_makole: Pole mkuu. Mama kachangia ngapi? 😂

kaunta_ya_tatu: 61 ni kiasi kimevuka limiti. Taarifa na limiti ni vitu viwili. Taarifa wanaitumia wanaofuatilia utapeli, wasije wakakufungia wakidhani kadi imeibwa. Limiti haiguswi mpaka uombe yenyewe: "Nipandishieni ya POS hadi kiasi hiki, kuanzia leo hadi kesho usiku." Taja POS, yaani mashine ya kadi ya dukani, maana ya ATM na ya mtandaoni ni nyingine, wakikupandishia isiyo yako umeumia. Usikate simu mpaka aseme imeingia kwenye mfumo, na chukua namba ya kumbukumbu. Namba yako iliyosajiliwa benki iwe hewani, wanaweza kupiga kuhakiki. Ikikataa usirudierudie, mfumo unahesabu. Utaletewa 65, yaani umezidisha idadi ya miamala, au kadi ifungwe kabisa. 91 ni benki haipatikani, hiyo subiri. 05 haikuambii kitu, piga simu. Na kukata malipo vipandevipande hakusaidii, limiti ya siku iko palepale, halafu wezi ndivyo wanavyofanya.

mleta uzi: Shukrani. Lakini HAINA HELA mkuu? Mbele ya dereva wa kirikuu?

binti_kikuyu: Washtaki Visa.

kaunta_ya_tatu: Visa na Mastercard ni njia tu. Anayeamua ni benki iliyotoa kadi.

nyundo_kavu: Bati kwa kadi ya mkopo 😂 nchi ina watu hii. Tuma TISS asubuhi, ile ya benki kwa benki, hela ikisoma kwa muuzaji unapakia.

binti_kikuyu: Na makato ya TISS utamlipia wewe? Kuna maduka ukitoa kadi tu wanakuongezea asilimia juu, hilo mbona hamlifungulii uzi?

fundi_paa: Hiyo asilimia ni wizi wa mchana. Ila mleta uzi, bati ni geji ngapi? Siku hizi unalipia 28 unabebeshwa 30. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba: 28 ni karibu milimita 0.4, 30 ni karibu 0.3. Pima kabla halijapakiwa.

nyundo_kavu: Hiyo 0.3 kwa upepo wa Dodoma utaifuata kwa jirani.

mzee_wa_makole: Fundi, na kofia za paa siku hizi wanauza kwa mita au kwa kipande?