Sindano ya B12 ya nini, na maini anakula?

Mama Kondele, Kisumu:
Hamjambo. Mume wangu alipasuliwa akakatwa kipande cha utumbo mwembamba, kile cha mwisho kinachoungana na utumbo mpana. Sasa kila miezi mitatu anadungwa vitamini B12. Maini namnunulia soko la Kibuye, omena haikosi kwa sahani, na nasikia vyote vina B12 nyingi. Sindano ni ya nini basi? Na mbona akila chapati ya mafuta anakimbilia choo?

Mwalimu wa Bayolojia, Kakamega:
Pole kwa kuuguza, mama. Utumbo mwembamba ni kama mita 6, na kila sehemu ina kazi yake. Siku ukiosha matumbo ya mbuzi, pindua ule mwembamba upapase ndani: una manyoya mafupi kama taulo. Hapo ndipo chakula huingia kwenye damu. Sukari ya ugali na protini ya omena hufyonzwa zaidi sehemu za juu, na damu iliyozibeba hupitia ini kwanza kabla ya kufika moyoni. Ini huweka akiba ya sukari, huunda protini za damu, na kuondoa sumu.

B12 haifyonzwi huko juu. Hushikana na protini fulani inayotoka tumboni, zikasafiri pamoja mpaka mwisho kabisa wa utumbo mwembamba, na ni hapo tu zinapopokelewa. Ndicho kipande alichokatwa mzee. Hata ale maini kila siku, karibu B12 yote itapita tu. Sindano huingia kwa msuli, haina haja na utumbo.

Tena naomba sana asiache sindano kwa kuwa anajisikia mzima. Ini huwa na akiba ya B12 ya miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu huchelewa kuonekana, halafu miguu inaanza kufa ganzi.

Kukimbilia choo nako kunaletwa na nyongo. Ini huitengeneza ili ivunje mafuta, kisha kipande hicho hicho cha mwisho huirudisha kwa ini itumike tena. Kisipokuwepo, nyongo humwagika kwenye utumbo mpana na kuleta kuhara. Mwambieni daktari, dawa yake ipo.

Boda wa Luanda:
Kuna unga wa kusafisha ini unauzwa hapa stejini. Haungemsaidia?

Mwalimu wa Bayolojia, Kakamega:
Hapana, ndugu yangu. Ini lake halijaugua, na unga usiojulikana ni ini hilo hilo litakalopambana nao. Mama, usimpe.

Mama Kondele, Kisumu:
Asante sana mwalimu, sasa nimeelewa. Basi maini niache kununua?

Mwalimu wa Bayolojia, Kakamega:
Usiache! Maini yana madini ya chuma, nayo hufyonzwa mwanzoni mwa utumbo, na hapo hakuguswa. Punguza tu mafuta ya kukaangia, na akila kunde au sukuma, chai ingoje saa moja hivi, maana huzuia chuma ya mboga.