Mama anakuja Rennes mwezi wa Mei na goti linamsumbua: tutembee wapi mashambani?

Nahla_Rennes

Shikamoo wakubwa, na wenzangu mambo vipi.

Mama yangu anakuja kunitembelea hapa Rennes wiki mbili mwezi wa Mei. Ana miaka 66, mzima kabisa, ila goti la kulia linamletea shida, hasa akishuka ngazi. Mjini hataki. Kwenye simu ameniambia hivi: "Maduka nimeyaona, bahari nimezaliwa nayo, wewe nionyeshe wanakolima." Basi nataka nimpeleke mashambani huku huku Bretagne, jimbo hili la magharibi ya Ufaransa, aone ng'ombe, nyumba za mawe, vijiji.

Gari sina. Akipata pa kukaa anaweza kutembea saa moja, saa moja na nusu. Nimejaribu kutafuta mwenyewe, naona njia imeandikwa "rahisi" halafu pichani watu wana fimbo mbili na viatu vya kijeshi. Nani amewahi kumtembeza mzazi huku?

kaka_wa_pwani

Dada, mpeleke GR34, usijisumbue. Ni njia ya walinzi wa forodha wa zamani, karibu kilometa 2,000 kuzunguka pwani yote ya Bretagne. Anzieni Cancale kuelekea Pointe du Grouin. Upepo safi, picha safi, na hamlipi kitu.

Bi_Mwanaidi56

Marahaba mwanangu.

Huyo kaka ana nia njema, lakini goti lake bado jipya. Kwanza mama ameshasema bahari anayo. Pili, GR34 ni nzuri sana ila kila ikikuta kijibonde inashuka, kisha inapanda tena, na goti bovu kinacholiua ni kushuka.

Mimi naishi Morbihan, wilaya ya kusini ya Bretagne, upande wa mji mdogo wa Malestroit, huu mwaka wa kumi na nne. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, na sehemu ya huduma ni kuwatoa nje wakanyooshe miguu. Kwa hiyo njia nyepesi za huku nazijua kwa mshahara.

Jibu langu ni mfereji, ule wa kutoka Nantes hadi Brest. Kilometa 364, malango ya maji zaidi ya 230, yaani vyumba vya kupandisha na kushusha boti. Aliyeutaka ni Napoleon, kwa sababu manowari za Waingereza zilikuwa zinaziba bahari na bandari ya Brest inakosa mizigo. Ulipokamilika mwaka 1842 mwenyewe alishakufa zamani, na haukupita muda reli ikaunyang'anya kazi. Sasa umebaki wa bata, wavuvi wa ndoana, baiskeli na wazee wangu.

Kinachokuhusu wewe ni njia ya kando yake, wenyewe wanaiita chemin de halage. Zamani farasi, na mara nyingine watu, walipita hapo wakivuta mashua kwa kamba. Sasa farasi mwenye mzigo wa namna hiyo huwezi kumpandisha kilima, ndiyo maana njia ni bapa kama meza. Inainuka kidogo tu penye lango, basi.

Nilikuwa na mzee mmoja wa miaka 84 ambaye hakupima matembezi kwa kilometa. Alisema "leo lango moja" au "leo malango mawili". Kwenye lango kuna kanyumba ka mawe ka mlinzi, kengine kana maua, kengine kamefungwa, na ukikaona kwa mbali kwenye kona ya maji unajua utapumzikia wapi. Siku moja nilimwona anakwenda vizuri, nikamhimiza tuongeze la tatu. Tukafika, tena kwa mbwembwe. Kurudi ndiko kulikotushinda. Alikaa kwenye nyasi, akavua kofia, akaiweka juu ya goti, akaniambia kwa upole kabisa, "Nenda kalete gari." Gari lilikuwa kilometa tano nyuma. Nilikwenda nikikimbia na kutembea, kichwani nikiwa na sura ya mwanawe atakavyonitazama. Niliporudi nikamkuta anaongea na mvuvi, amepewa na kahawa.

Tangu hapo nawageuza wakiwa bado wanasema hawajachoka. Njia hii si duara, kila hatua ya kwenda ni deni la kurudi.

Kwa kuwa huna gari, pandeni treni Rennes hadi Redon, moja kwa moja, chini ya saa moja. Kutoka stesheni hadi kwenye maji ni mwendo mfupi wa mjini. Redon yenyewe ni mahali mto Vilaine unapokutana na Oust, na mfereji unapita hapo hapo. Mtaona mnara wa kanisa umesimama peke yake, mbali na kanisa lake: moto wa mwaka 1780 ulikula sehemu ya katikati na haikujengwa tena. Kaeni kwanza pale langoni mjini, mkibahatika mtaona boti ikipita. Halafu shikeni njia ya kando ya Oust, mtoke nje ya mji hadi mashamba yafunguke, mgeuke mama akiwa bado anacheka.

Tembeeni upande mmoja, maana baiskeli za safari ndefu zinapita humo na zinakwenda kasi.

Siku mkipata mtu mwenye gari, mwambie awapeleke Île aux Pies, juu kidogo ya Redon kwenye mto huo huo. Majabali yanasimama kama mita 50 juu ya maji, vijana wanayapanda kwa kamba, na nyinyi chini mnapita pa bapa mkiwatazama. Na Malestroit kwangu pia mnakaribishwa. Uwanjani kuna nyumba ya zamani yenye sanamu ya nguruwe jike anasokota uzi. Sijui mama atasemaje.

Kitu kimoja tu nakuonya. Huku kuna njia nyingine nzuri kuliko zote, chemin creux, vijia vilivyozama katikati ya matuta mawili ya udongo, miti ya mialoni imekutana juu hadi mchana unakuwa kijani. Miaka mingi ya magurudumu ya mikokoteni na mvua ndiyo iliyovichimba. Vingi vilifukiwa serikali ilipounganisha mashamba madogo baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ili matrekta yapate nafasi ya kugeuka, na matuta yakasawazishwa pamoja navyo. Vilivyobaki ni hazina, lakini mvua ikinyesha ni mito. Mawe ya chini yana utelezi wa sabuni. Mwonyeshe mama kimoja, mita mia, kukiwa kumekauka siku tatu. Zaidi ya hapo usithubutu.

Na asishike uzi mwembamba uliozunguka malisho, hata uonekane hauna maana. Mimi nilishika mwaka wangu wa kwanza, nikitaka kumpiga picha ndama. Ni umeme. Ndama hakushtuka, mimi nilikaa chini.

mpenda_ramani

Naongezea kwa Bi Mwanaidi kuhusu alama, maana nilishapotea. Rangi ya njano peke yake ni njia fupi za eneo. Nyeupe juu ya nyekundu ni GR, safari ndefu. Ukiona mistari imepishana kama X, umekosea, rudi. Ramani nzuri ni ya IGN, shirika la ramani la serikali, ya 1:25,000, sentimita moja ni mita 250. Ukiona mistari ya kahawia imebanana, hapo pana kilima, goti likae nyumbani.

Na mkipata gari: Essé, kusini mashariki ya Rennes. Kuna La Roche-aux-Fées, kaburi la mawe makubwa la miaka ya kale sana, mawe zaidi ya 40, yanasemwa yalibebwa na majini wa kike kwenye aproni zao. Ni uwanja wa nyasi, bapa. Desturi ni kwamba wachumba wanazunguka kila mmoja upande wake wakihesabu mawe, wakipata hesabu moja ndoa itadumu. Mimi nilipata 41, mke wangu 43. Tukahesabu tena. Nikapata 42, yeye 43. Ameamua hesabu yake ndiyo sahihi na mimi nimekubali.

Nahla_Rennes

Ahsanteni sana! Bi Mwanaidi, nimecheka hiyo ya ndama. Maswali mawili: viatu, na chakula. Mama hali nguruwe, na naogopa zile galette, chapati nyembamba za huku.

Bi_Mwanaidi56

Viatu: raba zenye soli ya meno zinatosha kando ya mfereji. Makubadhi aache nyumbani. Soksi zipande juu ya suruali mkipita kwenye nyasi ndefu, kupe wapo, na jioni mkaguane nyuma ya magoti na kwapani.

Chakula, umeuliza la maana. Galette ni ya ngano nyeusi, ambayo kwa kweli si ngano hata kidogo. Ile wanayoiita complète ina nyama ya nguruwe, yai na jibini, hiyo unaiona na unaikataa. Usiyoiona ni chuma cha kupikia: kwa desturi hupakwa mafuta ya nguruwe. Wengi siku hizi wanatumia siagi au mafuta ya kawaida, lakini uliza kabla hajamwaga uji. Wasioona haya kukujibu ndio wa kula kwao. Mimi nabeba chapati na chupa ya chai, nakaa kwenye benchi. Ila lait ribot mnunulie, ni maziwa ya mgando ya kunywa, atakuuliza kwa nini hukumwambia mapema.

Jumapili na Jumatatu maduka mengi ya vijijini hayafungui, na kati ya saa sita na saa nane mchana ni kama kijiji kimehama. Mwezi wa Mei tena una sikukuu tele, tazama ratiba ya treni ya kurudi kabla ya ile ya kwenda. Koti la mvua lazima. Wenyewe wanasema Bretagne jua huwaka mara kadhaa kwa siku.

Halafu mwandae kwa harufu. Ndio wakati wa kutayarisha mashamba ya mahindi, na mbolea ni mkojo na mavi ya nguruwe, inamwagwa kwa tangi. Alitaka kuona wanakolima, ataona na pua.

Nahla_Rennes

Tumerudi, narudisha majibu.

Kwanza langoni Redon. Boti ya wazee wawili wa Kifaransa iliingia, malango yakafungwa nyuma yao, maji yakaanza kupungua taratibu na boti ikashuka nayo. Mama aliangalia kimya mpaka mwisho, akaniambia, "Kumbe hata boti inashushwa ngazi. Nayo ina goti."

Tukatembea dakika arobaini kwenda. Nikamwambia tugeuke, akasema hajachoka. Nikamwambia ndiyo maana. Harufu ilikuwepo Bi Mwanaidi, mama akavuta pumzi akasema hii mbolea ni kali mno, mahindi yao yataungua. Alimsimamisha mkulima mwenye trekta amweleze. Mimi nikatafsiri, nikiwa nimeziba pua. Yule baba alizima injini, wakaongea kuhusu nafasi kati ya mistari ya mahindi hadi tukakosa treni ya saa kumi.

Lait ribot amemaliza chupa mbili. Wiki ijayo anataka Malestroit, akamwone huyo nguruwe anayesokota.

Bi_Mwanaidi56

Njooni Alhamisi. Nitawachukua Redon stesheni, nipigie ukishapanda treni. Chapati naleta mimi.