Jino lililochomoka likarudishwa: nyaya zifungwe lini?

TabibuMkoani:
Habari wakuu. Mgonjwa ana miaka 12, meno ya juu yametangulia ya chini kwa milimita 9. Miezi minne iliyopita alianguka na baiskeli. Jino 21 (la mbele kabisa juu, kushoto kwake) lilichomoka lote, likarudishwa na mzizi ukatibiwa. Jino 11 (jirani yake wa kulia) lilivunjika pembe, kiini (sehemu hai ya ndani) hakikuguswa. Wazazi wanataka nyaya za kunyoosha meno mwezi huu. Tuanze?

Mpangameno:
Usilifunge 21 bado. Hayo ni majeraha mawili tofauti kinywani mwa mtoto mmoja. Kwa 11 kusubiri miezi 3 kunatosha, na imepita. Jino lililochomoka hupewa miezi 6 hadi 12.

Waya hausogezi jino kwa nguvu tu. Unaubana utando unaoshika mzizi, na utando ndio unaoamuru mfupa uyeyuke upande mmoja na kujengwa upande wa pili. Utando ukifa, mfupa hushikana na mzizi moja kwa moja na jino halitasogea kamwe. Ukilifunga hivyo hivyo, meno jirani ndiyo yatakayovutwa kulifuata, na mpangilio wote unaharibika.

MziziKwanza:
Kabla ya lolote, gonga 21 kwa mpini wa kioo cha kukagulia kinywa ukilinganisha na 22, jino linalolifuata kushoto. Sauti kali kama ya chuma, na jino halitikisiki hata kidogo: limegandana na mfupa. Sauti ikiwa ya kawaida leo usijiamini, dalili huweza kuchelewa. Mtoto bado anakua, hivyo pima kila baada ya miezi mitatu kama ncha ya 21 inabaki nyuma huku jirani zake zikishuka.

Likigandana, usiling'oe kwa pupa, litaondoka na ukuta wa mfupa wa mbele. Taji (sehemu ya jino iliyo juu ya ufizi) hukatwa, kijazo cha mzizi kikatolewa, mzizi ukaachwa uliwe polepole ili mfupa ubaki.

TabibuMkoani:
Nimeligonga, sauti ni sawa na ya 22 na linatikisika kawaida. Huu muda wa kusubiri, tufanye nini?

Mpangameno:
Mpe kinga ya meno ya michezoni. Kwa milimita 9 anaweza kuumia tena pale pale. Taya la chini linaweza kuanza.

Siku ya kufunga juu, piga eksirei ndogo ya mizizi yote minne ya mbele, anza na waya laini wa naitinoli (mchanganyiko wa nikeli na titani) wa inchi 0.014, na nguvu ya kuinamisha jino isizidi gramu 35 hadi 60. Rudia eksirei baada ya miezi 6 hadi 9. Mzizi ukionekana kufupika, acha waya bila kuvuta miezi 3.

MziziKwanza:
Na 11 lipimwe kwa baridi kila anapokuja, kuona kama bado lipo hai. Kipimo cha umeme hudanganya jino likiwa kwenye nyaya, linaweza kuonekana limekufa kumbe lipo hai, ukatoboa kiini bure. Waandikie wazazi mapema kwamba 21 huenda lisidumu, wasaini kabla ya breketi (kishikio cha waya kinachobandikwa kwenye jino) ya kwanza.